Mguu wa Kiamerika

Niligundua mwezi wa pili, siku ya kupogoa, majani yakiwa yamekwisha kuanguka na shamba limebaki uchi. Wakati wa mavuno mtu haoni kitu shambani ila majani, zabibu na mgongo wa aliye mbele yake. Mwezi wa pili mzabibu hauna pa kujificha. Nilishika tawi moja katika safu ya juu, nikalifuata kwa vidole nikitafuta jicho la kukatia, nalo likanipeleka chini. Liliingia ardhini. Hatua moja mbele likatoka tena, limenenepa, limekuwa mzabibu mwingine wenye mikono yake.

Nikaangalia wa pili. Nao vilevile. Nikatembea safu nzima nimeinama, kama mtu aliyepoteza pete.

Baba mkwe wangu, Fulcran Rascalou, alikuwa safu ya chini akipogoa huku anapiga mluzi. Hakuna aliyekuwa na mkono kama wake katika kijiji chetu kizima cha Combeliane, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe.

"Baba!" nikamwita. "Nani kalaza matawi haya?"

"Nani mwingine? Malaika?"

"Yote haya?"

"Palipokuwa na pengo, nimeziba. Shamba lenye mapengo ni kama mdomo wa Bringuier, hata ukicheka unaogopesha watoto."

"Na miche niliyokuwa nakuletea kutoka kitaluni? Kila mwaka nimekutumia furushi kwa mkono wa mchukuzi!"

"Ipo. Imelala kwenye mchanga, nyuma ya mapipa. Miche mizuri sana, haina makuu." Akacheka. "Mwanangu, mbona umekuwa mweupe hivyo? Umekula nini asubuhi?"

Nilipiga magoti kwenye mzabibu uliokuwa karibu nami, nikaanza kufukua kwa mikono.

Kulaza tawi ndiyo kazi ya babu zetu. Mzabibu ukifa, huchagui mwingine wa kupanda. Unachukua tawi refu la jirani yake, unachimba handaki fupi, unalilaza humo, unalikanyaga kwa kisigino, na kulichomoza ncha pale alipokufa marehemu. Tawi linaota mizizi, na pengo limezibika bila kutoka nje ya familia. Mashamba ya Combeliane yalikwenda hivyo tangu enzi ambazo hata padri hazijui. Mzee alipokufa, watu hawakusema aliacha mizabibu mingapi. Walisema alikuwa akilaza vizuri.

Kisha akaja chawa. Mdudu wa manjano, mdogo kuliko punje ya haradali, anayenyonya mizizi ya mzabibu chini kusikoonekana. Aliingia kutoka Amerika ndani ya miche ya watu waliopenda vitu vipya. Kwanza likatokea doa la njano katikati ya shamba la mtu, kama tone la mafuta kwenye kitambaa, na mwaka uliofuata doa likawa shamba. Wanaume walijaribu kila kitu. Walimwaga mkojo wa ng'ombe. Walizika chura hai chini ya kila shina. Wenye uwezo walinunua dawa ya kudunga ardhini kwa bomba, yenye harufu ya kabichi iliyooza, ikaua chawa, ikaua na mizabibu. Tulibeba sanamu ya Mtakatifu wetu kuzunguka vilima vyote, naye akarudi kanisani na vumbi lake. Mwishowe tuling'oa. Kwa miaka mingi kijiji kizima kilipikia kuni za mizabibu, na nyumba ambayo moto wake uliwaka vizuri ndiyo iliyokuwa imefilisika zaidi.

Dawa iliyopatikana ilitoka kulekule alikotoka ugonjwa. Mizizi ya mzabibu wa Kiamerika humstahimili chawa, ila divai yake inanuka mbweha. Basi unachukua mguu wa Kiamerika, unaubebesha kikonyo, kijiti cha mzabibu wetu, mpaka viungane. Chini mgeni, juu mwenyeji; hivyo ndivyo shamba letu lilivyopandwa upya. Mimi nilijifunza kubebesha mjini Béziers, nikapewa cheti, na kwa ajili ya cheti hicho nikaajiriwa kwenye kitalu cha miche upande wa Montpellier, nikawa narudi nyumbani wakati wa mavuno na sikukuu tu. Baba mkwe aliniita Bi Cheti. Hakuniita kwa ubaya.

Lakini mzabibu uliobebeshwa una mwiko mmoja. Kile kidonda pale mgeni na mwenyeji walipoungana lazima kikae juu ya udongo, kiione hewa. Ukikifukia, kikonyo kinaota mizizi yake. Na mizizi ya mwenyeji ndiyo chakula cha chawa. Ukilaza tawi, umeliingiza lote kwenye sahani yake.

Nilikuwa nimefika kwenye kidonda. Kilikuwa chini kabisa, kiganja kizima chini ya udongo. Juu yake mizizi minene, myekundu, yenye afya, ilikuwa imetapakaa kila upande. Chini yake mguu wa Kiamerika ulikuwa mwembamba, mweusi, mkavu. Niliushika ukakatika kama fimbo ya biskuti.

"Baba, njoo uone."

Akaja, akachuchumaa kwa taabu, akashikilia bega langu. Akaitazama ile mizizi minene, kisha kile kijiti cheusi mkononi mwangu. Nilisubiri uso wake uanguke. Uso wake uling'aa.

"Umemkataa," akasema polepole. "Tazama, Zélie. Umemtupa! Umesimama kwa miguu yake mwenyewe."

"Baba, hii ndiyo mizizi anayokula chawa."

"Chawa gani? Kilima hiki kimekaa bila mzabibu miaka kumi na kitu. Chawa alikula nini? Mawe? Alikufa njaa huyo, tena vizuri." Akaipapasa ile mizizi kama anapapasa shingo ya farasi. "Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mwenyeji kapona. Mgeni aende zake kwao."

"Kwa nini ulifukia vidonda?"

"Baridi ya mwaka juzi! Upepo wa kaskazini ulikuwa unapasua mawe. Ulitaka niiache mitoto hiyo shingo wazi?" Akainuka. "Cheti chako kilikuwa wapi siku hiyo? Kitaluni, kwenye joto."

Chini ya mizizi ile kulikuwa na nyuzi changa, na kwenye nyuzi mbili niliona vifundo, kama midomo ya ndege, alama ya chawa. Nilimwonyesha. Alizisogeza karibu, akazisogeza mbali, akafinya macho yake ya miaka sabini.

"Vumbi," akasema, akarudi safuni kwake na mluzi wake.

Lazima niseme shamba lile lilikuwa na maana gani kwangu. Mume wangu, Sernin, alikuwa akivunja mawe kwenye njia ya reli, na binamu zake walikuwa Oran, ng'ambo ya bahari, wakipanda mizabibu kwenye ardhi isiyomjua chawa. Walimwita kila mwaka. Sernin alitaka kwenda. Mimi sikutaka. Tukapatana kwamba kama shamba jipya litasimama, hatuendi, na asinitajie Oran tena. Kwa ajili ya shamba hilo nilikaa mbali na kitanda changu, nikifunga vidonda vya mizabibu ya watu wengine mpaka vidole vikaota sugu. Sikuwa natafuta utajiri. Nilitaka kuzeeka Combeliane, basi.

Jioni ile nilimweleza Sernin mezani, baba yake akiwepo, kwa sababu sikutaka kusema nyuma ya mgongo wake.

"Hamna tiba?" Sernin akauliza.

"Ipo inayofundishwa. Unafukua, unakata mizizi yote ya juu, unaurudisha mzabibu kwenye mguu wake."

"Basi si tukate?"

"Miguu yenyewe imekufa. Si yote, lakini mingi. Nikikata, nitakuwa nimemkata mtu miguu yote miwili."

"Na usipokata?"

"Chawa atakata yeye. Mwaka huu, mwaka kesho."

Mzee alikuwa anachovya mkate kwenye supu ya vitunguu. "Sikilizeni madaktari," akasema. "Mgonjwa anakula, ananenepa, anapiga mbio, wao wanabishana wamkate wapi."

"Baba," Sernin akasema, "Zélie amesomea."

"Na mimi nimelaza. Nani kasema hakusomea? Asome. Mizabibu haijui kusoma."

Tulikubaliana nijaribu safu moja. Mzee aliitoa kama mtu anavyompa mtoto donge la unga achezee. Nilichagua safu ya ukingoni, upande wa barabara, maana huko miguu ilionekana kuwa na uhai kidogo. Nilifukua kila shina, nikakata mizizi ya juu kwa kisu kikali, nikapaka vidonda udongo wa mfinyanzi, nikaacha shingo wazi. Palipokuwa na matawi yaliyolazwa nilitenganisha mama na mtoto. Mzee alisimama barabarani, mikono nyuma, akitazama. Nilipomaliza aliondoka kichwa kimeinama, kama mtu anayetoka kuzika.

Mwezi wa nne shamba lilichipua. Nani asiyejua rangi ile? Ni kijani chenye waridi pembezoni, laini kama sikio la mtoto. Shamba lote la Rascalou lilivaa rangi hiyo, isipokuwa safu yangu. Mashina machache yalitoa kijani hafifu, kikakauka. Mengine hayakutoa kitu. Na kwa kuwa ilikuwa safu ya barabarani, kila aliyepita aliiona.

"Fulcran!" Bringuier, yule wa mapengo mdomoni, aliita kutoka juu ya punda wake. "Safu hii imepatwa na nini? Umeme?"

"Imepatwa na cheti," baba mkwe akajibu.

Walicheka wote wawili. Nilikuwa hapohapo na jembe langu. Baba mkwe aliponiona, kicheko chake kilikatika, akavua kofia akajikuna kichwa.

"Mwanangu, mzaha tu. Usiuchukue nyumbani."

"Sina pa kuupeleka kwingine, Baba."

Ndipo nilipojua kuwa nimefungwa. Dawa yangu iliua hadharani, kwa mwezi mmoja. Kosa lake lilikuwa linastawi. Hata mimi, ningekuwa mpita njia, ningemwamini yeye.

Na lilistawi kweli. Mwaka ule mvua zilikuja kwa zamu zao na jua likakaa mahali pake. Zabibu zilijaa mpaka matawi yakalala chini. Kitaluni tulikuwa tumeambiwa kwamba mzabibu unaoanza kuliwa huzaa mara moja kwa hamaki, kama kuku anayetaga mfululizo kabla ya kufa. Nilipozunguka mwezi wa nane niliona yale niliyokuwa nayatafuta. Katikati ya shamba palikuwa na mashina manne ambayo majani yake yalikuwa yameanza kupauka ukingoni. Hata si njano, ni kukosa nguvu tu. Nilifukua kidole kimoja cha udongo, nikachukua uzi wa mzizi, nikauangalia kwa kioo changu cha kukuzia. Walikuwa wamejaa, manjano, wamelala bega kwa bega kama watu kwenye misa ya Krismasi.

Nilimpelekea mzee kioo na mzizi. Alikuwa amekaa mlangoni akisugua pipa.

"Weka jicho hapa, Baba. Nakuomba. Mara moja tu."

Akaweka jicho. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Niliona kidevu chake kikitetemeka kidogo, nikadhani ameona. Labda aliona. Mpaka leo sijui. Alinirudishia kioo, akachukua brashi yake.

"Mwaka tuliong'oa," akasema, "niling'oa mwenyewe. Sikumkubalia Sernin anisaidie. Mama yake alikuwa ndani, mgonjwa, akawa anauliza, kelele gani hiyo? Nikamwambia ni Bringuier anajenga ukuta." Akasugua. "Sing'oi mara ya pili, Zélie. Hebu nishikie pipa hili."

Nikalishika.

Mavuno yalichukua siku nyingi kuliko tulivyozoea. Ilibidi tuazime mapipa. Wanawake waliokuja kuchuma waliimba matusi yao yote, wakapakana juisi mashavuni na kumvizia kila kijana aliyesahau kishada nyuma. Baba mkwe alikanyaga zabibu mwenyewe, suruali imekunjwa hadi magotini, akikataa kushuka. Divai ilipotulia, ilikuwa nyeusi, nzito, na haikunuka mbweha hata chembe. Sernin alionja, akafumba macho.

"Mke wangu," akaninong'oneza, "una hakika?"

"Nina hakika."

"Kabisa?"

"Sernin, kama ningeweza kukosea, ningekuwa nacheza ngoma saa hizi."

Siku ya kuonjeshana divai mpya, wanaume wa Combeliane walikuja kwetu. Kila mtu alikuwa amepanda miguu ya Kiamerika, kila mtu ana mapengo, kwa maana kubebesha ni kazi ya bahati na vikonyo vingi havishiki. Mashamba yao yalikuwa membamba, yenye nidhamu, yanazaa kwa kipimo. Wakanywa ya kwetu. Wakatazamana. Bringuier ndiye aliyeuliza.

"Fulcran, sema ukweli mbele ya watu. Umefanya nini?"

"Nimefanya alichofanya babu yako," mzee akasema. "Nimelaza."

"Hawakusema ni mwiko?"

"Nani?"

"Wale wa mjini."

"Wa mjini walisema divai yangu itakuwaje? Onja tena."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi. Niliweka jagi chini, nikaingia katikati yao.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Mizabibu hii inakufa. Nimewaona chawa mwezi wa nane, kwa macho yangu. Mkilaza, mmewapelekea chakula. Mwaka kesho mtaona doa kwetu. Subirini tu mwaka mmoja kabla hamjagusa mashamba yenu. Mmoja."

Sikuwahi kumwona mtu akimtukana mwanamke kwenye nyumba ile, na siku hiyo pia hawakunitukana. Ingekuwa afadhali. Walinitazama kwa huruma.

"Bibie," Bringuier akasema taratibu, "ile safu ya barabarani nani aliikata?"

"Mimi."

"Ikawaje?"

"Ilikufa. Kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha—"

"Ilikufa." Akageukia wenzake, mikono wazi. "Aliyefuata kitabu, safu yake imekufa. Aliyefuata babu, tunakunywa. Mimi si msomi, nisaidieni hesabu."

Wengine wakakohoa kuficha kicheko. Sernin alisimama ukutani. "Mke wangu hasemi uongo," alisema. Mtu mmoja akamjibu, bila ubaya, kwamba hakuna aliyesema uongo, ila shamba nalo halisemi uongo. Baba mkwe aliinamia glasi yake. Nilimkodolea macho, nikimsihi kimoyomoyo. Neno lake moja lingetosha. "Subirini." Hilo tu.

"Handaki liwe la kina cha goti," akawaambia. "Na mkanyage kwa kisigino, si kwa nyayo."

Usiku huo sikulia. Nililala nikihesabu mashamba kwa majina ya wenyewe, kutoka mto hadi kanisa, nikaacha kabla sijafika kanisani. Asubuhi, Sernin akifunga viatu vyake vya kazi, nikamwambia, "Waambie binamu zako tunakuja."

Hakuinuka. "Sikutaka kushinda hivi, Zélie."

"Najua."

"Tunaweza kungoja. Labda—"

"Tungoje tuone nini? Siwezi kukiona mara ya pili kilima kizima kikifa, tena watu wakinisalimia kila asubuhi."

Tulimwomba mzee aje nasi. Nilimwomba mimi, nimepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. Nilimwambia Oran kuna jua, kuna mashamba, watu watamheshimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaniuliza kama bado kuna nyama ya chumvi, maana wanaume watakuja kumchukua mapema na hatapenda kufundisha tumbo tupu. Nikamkatia nyama. Nikamfungia na mkate, na kitunguu alivyopenda, kizima.

Tuliondoka katikati ya majira ya baridi, na mkokoteni wa kuazima, magodoro mawili na sanduku. Barabara ya kwenda stesheni inapita chini ya mashamba yote. Asubuhi ilikuwa safi, isiyo na upepo, siku nzuri kwa kazi ya udongo. Kila kilima kilikuwa na watu. Walikuwa wawili wawili, mmoja ameshika tawi, mwenzake anachimba, na tulisikia sauti za majembe kutoka pande zote, na vicheko. Sikuwa nimesikia Combeliane ikicheka hivyo tangu nilipoolewa.

Baba mkwe alikuwa shambani kwa Bringuier, watu wamemzunguka. Sernin alisimamisha farasi. Mzee alituona, akaja hadi ukutani, mikono imejaa tope, hakujua atushike vipi bila kutuchafua. Nilimshika mwenyewe.

"Haya," akasema. "Mtanisalimia bahari."

"Baba, twende. Nafasi ipo."

"Nani atawaonyesha hawa? Huyu Bringuier analaza kama anazika paka." Akanitazama vizuri, kwa muda, na macho yake yalikuwa na maji, labda kwa sababu ya baridi. "Ukifika huko, nao uwafundishe kulaza."

Nyuma yake wanaume walikuwa wamesimama na matawi mikononi, wakimngoja.

"Nitawafundisha, Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa, ameridhika, akarudi kwa watu wake. Bringuier alikuwa tayari amelaza tawi kwenye handaki, mguu wake uko hewani, hajui pa kukanyaga. Mzee alimshika kiwiko, akamsogeza kidogo upande wa kushoto.

"Hapo," akamwambia. "Sasa, kwa nguvu."